Montgomery Meigs kabla hajajulikana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu mhandisi wa jeshi aliyeipa Washington maji

Wengi waliowahi kulisikia jina la Montgomery Cunningham Meigs wanamfahamu kama Mkuu wa Ugavi wa jeshi la Rais Abraham Lincoln wa Marekani, au kama mtu aliyependekeza makaburi ya kitaifa yawe Arlington. Hapa tunazungumzia miaka iliyotangulia, kuanzia 1836 alipotoka chuoni hadi 1861 vilipoanza vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Katika miaka hiyo 25, zaidi ya 16 aliitumia akijenga ngome na kupima mito bila kutajwa na mtu nje ya kikosi chake. Ninaamini huko ndiko alikotengenezwa, ndiyo maana maswali ya kipindi hicho nimeyajibu kwa urefu.

Alitoka katika familia ya namna gani?

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1816 mjini Augusta, Georgia, lakini alikulia Philadelphia. Baba yake, Charles Delucena Meigs, alikuwa daktari wa uzazi mwenye jina kubwa. Babu yake, Josiah Meigs, aliwahi kuongoza Chuo Kikuu cha Georgia. Kwa hiyo nyumba yao ilikuwa ya vitabu na hoja.

Yako maelezo ya kifamilia yaliyoandikwa akiwa na umri wa miaka sita. Yanasema ni mtoto mwenye hasira, asiyepindika, anayewatawala ndugu zake kwa ubabe, na akikitaka kitu haachi mpaka akipate. Yanaongeza kwamba anapenda sana kutazama mashine zikifanya kazi, na akielezwa jinsi zinavyofanya kazi, anaelewa. Ukisoma habari zake za utu uzima unamkuta mtoto yuleyule, amevaa sare tu.

Mtoto wa daktari aliendaje kusomea uhandisi kwenye chuo cha jeshi?

Chuo cha kijeshi cha West Point, kilichoanzishwa 1802, kilikuwa kwa miongo kadhaa mahali pa kwanza pa kusomea uhandisi nchini Marekani. Vyuo vya kiraia vilivyofundisha fani hiyo vilihesabika kwa vidole. West Point kijana alishindiliwa hisabati, uchoraji, na Kifaransa, kwa kuwa vitabu bora vya ngome, madaraja na barabara vilikuwa vya Kifaransa. Serikali ndiyo iliyogharamia masomo.

Meigs aliingia 1832 baada ya kusoma kwa muda Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akahitimu 1836 akiwa wa 5 kati ya wanafunzi 49. Waliofaulu zaidi ndio waliochukuliwa na Kikosi cha Wahandisi. Yeye alipangwa kwanza kwenye mizinga, lakini mwaka haukuisha kabla hajahamishiwa uhandisi. Alikuwa na miaka 20.

Mhandisi wa jeshi alifanya nini wakati hakuna vita?

Wakati wa amani ndipo alipokuwa na kazi nyingi zaidi. Alijenga ngome za pwani na mipakani, akazibua milango ya bandari, akachora ramani, akapima mito. Kikosi kilikuwa na maofisa wachache na nchi ilikuwa kubwa, kwa hiyo luteni wa miaka ishirini na kitu angeweza kujikuta peke yake kwenye eneo la ujenzi, akiajiri waashi, akipatana bei ya mawe na chokaa, akilipa mishahara, na kupeleka hesabu Washington hadi senti ya mwisho. Hesabu isipolingana, aliyeulizwa ni yeye.

Kazi ya kwanza ya Meigs ilikuwa ya namna hiyo: ngome ya Mifflin kwenye Mto Delaware, karibu na nyumbani kwao Philadelphia.

Ni kweli aliwahi kufanya kazi chini ya Robert E. Lee?

Ni kweli. Swali hili huulizwa kuliko mengine yote, na sababu inaeleweka. Lee baadaye aliliongoza jeshi la Kusini, na Meigs ndiye aliyeligeuza shamba la familia ya mke wa Lee kuwa makaburi ya wanajeshi. Lakini mwaka 1837 walikuwa wahandisi wawili tu, Lee wa miaka 30 na Meigs wa 21, wakienda pamoja St. Louis.

Mji ule uliishi kwa bandari yake, na bandari ilikuwa inakufa. Mkondo wa Mississippi ulikuwa unahamia upande wa Illinois, na mbele ya gati za St. Louis mchanga ulirundikana mwaka hadi mwaka. Visiwa viwili vilikuwa vinakua, Bloody Island upande wa pili na Duncan's Island chini kidogo ya mji. Meli za mvuke zingekosa pa kutia nanga.

Kwanza walipanda mto hadi kwenye maporomoko madogo ya Des Moines na Rock Island ili kuyapima, maana nako meli zilikuwa zinagonga miamba. Huko juu walikuta meli ya mvuke iliyokwama kwenye mwamba, wakaifanya nyumba: mchana wanapima, usiku wanalala kwenye vyumba vya meli iliyokufa. Meigs, mwenye mkono mwepesi wa kuchora, ndiye aliyeshughulika na ramani.

Jibu walilolitoa kwa St. Louis ninalipenda kwa sababu halikupigana na mto. Badala ya kuajiri watu wa kuchota mchanga, walipendekeza boma la kuzuia maji kwenye ncha ya juu ya Bloody Island, na ukingo wake ulindwe, ili maji yaliyokuwa yanakimbilia Illinois yarudishwe upande wa Missouri. Yakirudi kwa nguvu, yenyewe yatauchimba mchanga na kuuondoa. Lee alibaki na mradi huo kwa miaka kadhaa, na kina cha maji mbele ya mji kikaongezeka. Meigs alirudi mashariki mwishoni mwa 1837 na hakufanya naye kazi tena.

Baada ya hapo alikwenda wapi?

Alirudi Delaware, kwenye kazi za mto na ngome zake. Mwaka 1841 alimwoa Louisa Rodgers, binti wa Komodoo John Rodgers wa jeshi la majini, na wakahamia Detroit, mji wa mpakani uliotazamana na Kanada ya Waingereza.

Maasi yaliyotokea Kanada mwaka 1837 na 1838 yaliutia wasiwasi mpaka ule, na serikali ikaamua kujenga ngome mahali Mto Detroit unapobana. Iliitwa Fort Wayne. Meigs aliisimamia kwa miaka mingi ya muongo wa 1840: ngome ya umbo la nyota, kuta za udongo zilizovishwa mbao za mwerezi, na ndani yake kambi ya mawe ya chokaa ambayo imesimama hadi leo. Ilipokamilika, uhasama na Uingereza ulikuwa umepoa. Ngome ile haijawahi kufyatua risasi hata moja vitani.

Kisha alipelekwa Rouses Point, New York, kwenye Ziwa Champlain. Mahali hapo pana kisa chake. Baada ya vita vya 1812 Wamarekani walianza kujenga ngome hapo, halafu upimaji ukaonyesha kuwa wanajenga ndani ya Kanada! Kazi ikaachwa, na wenyeji wakajichukulia mawe. Mkataba wa 1842 uliposogeza mpaka, eneo likawa la Marekani na ujenzi ukaanza upya. Ngome hiyo mpya inaitwa Fort Montgomery, lakini si kwa heshima ya Meigs kama wengine wanavyodhani. Inamkumbuka Jenerali Richard Montgomery, aliyeuawa Quebec mwaka 1775.

Kwa nini hakupata sifa kwenye vita vya Mexico?

Hakwenda. Kati ya 1846 na 1848 wahandisi wenzake, akiwemo Lee na kijana George McClellan, walirudi na vyeo vya heshima. Meigs alikuwa Detroit na ngome yake ya udongo. Kwa ofisa wa enzi ile hilo lilikuwa pigo, kwani cheo kilikuja kwa vita au kwa kusubiri aliye mbele yako afe au ajiuzulu. Alikuwa luteni wa kwanza tangu 1838, na ukapteni haukuja hadi Machi 1853. Huo ni karibu miaka 15 kwenye cheo kimoja, na watoto wa kulisha.

Nini kilibadilisha maisha yake?

Moto na kiu ya mji mkuu.

Washington ya 1850 ilitegemea visima na chemchemi. Tarehe 24 Desemba 1851 moto uliwaka kwenye Maktaba ya Bunge, ndani ya Capitol, jengo la Bunge la Marekani. Maktaba ilikuwa na vitabu kama 55,000, na takriban 35,000 viliteketea. Wabunge walioshuhudia mji hauna maji ya kuzima moto nyumbani kwao wenyewe walipata sababu ya kuharakisha, wakatenga dola 5,000 za upimaji. Ofisa wa kwanza aliyepewa kazi hiyo alifariki 1852 kabla ya kuimaliza. Mnamo Novemba aliitwa Meigs.

Alikuwa na miezi mitatu tu, tena ya baridi. Februari 1853 aliwasilisha ripoti yenye njia tatu: kuchukua maji kijito cha Rock Creek, kuyachukua Little Falls, au kwenda mbali kabisa hadi Great Falls, maporomoko makubwa ya Mto Potomac. Alipendekeza ya tatu, iliyokuwa ghali kuliko zote, kwa makisio ya karibu dola milioni 1.9. Hoja yake ilikuwa kwamba maji yangeteremka yenyewe hadi mjini bila pampu, na mji ungeweza kukua mara nyingi bila kuishiwa. Bunge lilikubali. Luteni aliyekuwa hajulikani akawa kapteni mwenye mradi mkubwa kuliko yote ya mji mkuu.

Kwa nini mfereji wake ulikuwa mpana kuliko mji ulivyohitaji?

Hapa ndipo ninapomwona mhandisi mwenyewe. Wazo la awali lilikuwa njia ya matofali na mawe yenye kipenyo cha futi 7, yaani mita 2.1. Meigs aliisukuma hadi futi 9, mita 2.7. Kwa macho inaonekana ni tofauti ndogo. Lakini eneo la duara hukua kwa mraba wa kipenyo, na kwenye njia pana maji husuguana kidogo zaidi na kuta, hivyo yanayopita yanakaribia kuwa mara mbili. Gharama haikui hivyo, kwa sababu kuchimba mlima, kuleta mafundi na kulipia ardhi ni yaleyale kwa njia nyembamba au nene.

Yeyote aliyewahi kuishi kwenye mji uliojengewa mabomba ya watu elfu kumi na sasa una watu laki tano anajua uamuzi huo una thamani gani.

Sherehe ya kuanza kuchimba ilifanyika Great Falls tarehe 8 Novemba 1853, Rais Franklin Pierce akiwepo. Maji ya kwanza, kutoka kwenye bwawa lililo karibu zaidi, yaliingia mjini Januari 1859. Ya Potomac yenyewe kutoka Great Falls yalifika Desemba 1863, katikati ya vita.

Daraja la Cabin John lina umaarufu gani?

Mfereji ulipaswa kuvuka bonde la kijito kiitwacho Cabin John. Mpango wa mwanzo ulikuwa daraja la matao kadhaa. Meigs, akisaidiwa na Alfred Rives, mhandisi wa Virginia aliyesomea Paris, aliamua kuruka bonde lote kwa tao moja la mawe lenye upana wa futi 220, sawa na mita 67. Kwa karibu miaka 40 hapakuwa na tao jingine la mawe refu kama hilo duniani, mpaka ujenzi wa Ulaya ulipolipita mwaka 1903.

Ndani ya daraja hilo mna maji, na juu yake kuna barabara. Alifanya jambo la ujasiri zaidi kwenye Rock Creek, ndani ya mji. Huko mabomba mawili ya chuma cha kusubu, kila moja la kipenyo cha futi 4, yalipindwa kuwa upinde wa futi 200, na mabomba hayohayo yaliyojaa maji ndiyo yaliyobeba barabara na magari ya farasi.

Na jengo la Capitol?

Mwaka huohuo wa 1853, Waziri wa Vita Jefferson Davis, naye mhitimu wa West Point, alimkabidhi Meigs usimamizi wa upanuzi wa Capitol uliokuwa umeanza 1851 chini ya msanifu Thomas U. Walter. Fikiria mzigo huo: mfereji wa karibu kilomita 19 na jengo la Bunge, mtu mmoja, wakati mmoja.

Alibadilisha mpangilio wa mabawa ili kumbi za mijadala ziwe katikati, mbali na kelele za nje. Kabla ya hapo alizunguka kumbi za Philadelphia, New York na Boston pamoja na wanasayansi Joseph Henry na Alexander Dallas Bache kuchunguza jinsi sauti inavyosafiri. Hewa moto na safi ilisukumwa kwa feni za mvuke. Alimwajiri Constantino Brumidi, mchoraji mhamiaji kutoka Italia, ambaye picha zake zimejaa kuta za jengo hadi leo. Ukumbi wa Wawakilishi ulianza kutumika Desemba 1857, wa Seneti Januari 1859.

Kuba jipya la chuma, lenye uzito wa zaidi ya tani 4,000, lilimlazimu kubuni njia ya kulipandisha. Alisimamisha mnara wa mbao ndani ya ukumbi wa duara, ukiegemea sakafu ili usiziguse kuta za zamani, na juu yake kreni iliyoendeshwa na injini ya mvuke. Injini hiyo ilichochewa kwa mbao za kuba la zamani lililobomolewa.

Usanifu wa kuba ulikuwa wa Walter, na hilo nalisisitiza, kwa sababu Meigs mwenyewe alipenda kuonekana kama mwenye kila kitu. Wawili hao walichukiana vibaya.

Je, watumwa walihusika katika kazi hizi?

Washington ilikuwa mji wa utumwa hadi Aprili 1862, na haifai kuyaeleza majengo yake kana kwamba hilo halikuwepo. Mfano ulio wazi ni sanamu ya Uhuru iliyo juu ya kuba. Mchongaji Thomas Crawford alikuwa ameivika kofia ya waliokombolewa utumwani kama ile ya Roma ya kale. Davis, mmiliki wa watumwa, aliikataa, na Meigs ndiye aliyepeleka ujumbe huo kwa mchongaji. Sanamu ikavishwa helmeti yenye manyoya.

Baadaye, Meigs akiwa ameshaondolewa kwenye jengo, sanamu ilisubiwa kwa shaba nyeusi kwenye karakana ya Clark Mills. Mmoja wa mafundi wake alikuwa Philip Reid, mtumwa wa Mills. Kwa kazi ya Jumapili ya kutunza moto wa kalibu alilipwa dola 1.25 kwa siku. Malipo ya siku nyingine sita yalikwenda kwa bwana wake. Sanamu ilipopandishwa kileleni tarehe 2 Desemba 1863, Reid alikuwa mtu huru.

Kwa nini alipelekwa kisiwani mwaka 1860?

Kwa sababu alikataa kugawa kandarasi kirafiki. Waziri wa Vita aliyefuata, John B. Floyd, alitaka kazi na zabuni ziende kwa watu wa chama. Meigs alikataa, akaandika barua, akapeleka malalamiko kwa rais na kwa wabunge. Novemba 1859 aliondolewa Capitol. Katikati ya 1860 Bunge lilitenga dola 500,000 za mfereji likiandika ndani ya sheria kwamba zitumike chini ya usimamizi wa Kapteni Meigs. Rais James Buchanan alitia saini huku akilalamika kwamba Bunge haliwezi kumchagulia maofisa.

Haikusaidia. Floyd alimpeleka Dry Tortugas, visiwa vya mchanga magharibi ya Key West, kujenga Fort Jefferson. Ilikusudiwa kuwa adhabu. Meigs alipofika aliona mara moja kwamba ngome kubwa ile haina askari wala mizinga, na majimbo ya Kusini yanajitenga. Aliomba ulinzi, askari wakafika Januari 1861, na ngome haikuangukia mikononi mwa Kusini vita vyote. Floyd alikuwa ameshajiuzulu Desemba, na Februari Meigs alikuwa amerudi Washington.

Ni kweli aliandika jina lake kila mahali?

Ndiyo, na simtetei. Jina lake lilisubiwa kwenye mabomba na vyuma na kuchongwa kwenye mawe. Alikuwa na majivuno, na aliogopa kusahauliwa. Pengine miaka 15 ya uluteni ilichangia, ingawa mtoto wa miaka sita tuliyemwona mwanzoni naye asingeshindwa kufanya hivyo.

Tunayajuaje mambo ya ndani kiasi hiki?

Aliandika shajara kwa hati mkato, kurasa kwa kurasa, kuhusu wakandarasi, hali ya hewa, chakula cha jioni na maadui zake. Kwa zaidi ya karne hakuna aliyeweza kuisoma kwa urahisi. Ilifasiriwa miaka ya 1990, na ndipo habari za miaka ya 1853 hadi 1861 zilipofunguka.

Kipindi hiki kiliisha lini hasa?

Tarehe 15 Mei 1861, alipofanywa brigedia jenerali na Mkuu wa Ugavi, siku chache baada ya kutimiza miaka 45. Mwanzoni mwa mwezi huo alikuwa bado kapteni.

Naweza kuziona kazi zake leo?

Fort Wayne iko Detroit. Fort Jefferson sasa imo ndani ya hifadhi ya taifa, na hufikiwa kwa boti au ndege ndogo. Mfereji wa Washington bado unapeleka maji mjini, na bado unaendeshwa na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi.

Ukifika Cabin John, magari hupita kwa zamu kwa kuwa njia ni moja tu. Shuka uutazame ukuta. Miongoni mwa majina yaliyochongwa kwenye mawe limo la Jefferson Davis, aliyekuja kuwa rais wa Kusini. Mwaka 1862 lilifutwa kwa patasi, na pengo likabaki wazi kwa miaka mingi. Mwaka 1909 Rais Theodore Roosevelt aliagiza lichongwe upya. Kwa kuwa jiwe la juu lilikuwa limeshaondolewa, herufi hizo zimezama ndani kuliko za majirani zake.